Data ya usingizi wa wauguzi wa zamu: nianzie wapi?

SistaRongai

Hamjambo wadau. Mimi ni muuguzi hapa Nairobi, nafanya shahada ya uzamili huku zamu zikiendelea kama kawaida. Mada yangu ni usingizi wa wauguzi wanaozungushwa kati ya mchana na usiku. Kila mshiriki alivaa mkononi kifaa cha kupima mwendo kwa wiki mbili, na kando yake akajaza shajara ya usingizi. Data ninayo. Kichwa cha kuichambua ndicho kinanikosa.

Nilizosoma ni takwimu za kawaida kwenye SPSS: jaribio la t, kai-skwea, regresheni kidogo. Msimamizi wangu amesema "fanya kosaino" kisha akasafiri. Nimefungua faili moja kwenye Excel, haikufika mwisho. Shajara nazo zina vituko: mmoja ameandika alilala "saa 4", mwenzake "22:00", na ni usiku uleule. Nijifunze R au Python, hizi lugha za kuandikia programu? Mahali pa kufanyia mazoezi bure ni wapi? Na hii kosaino ni mdudu gani? Mnijibu taratibu, nimetoka usiku.

KijanaWaKodi

Python, dada. R ni ya wazee. Tia kila kitu kwenye programu ya kujifunza kwa mashine, itakutolea majibu yenyewe.

MzeeWaTakwimu

Sista, pole na kazi. Kijana tumsamehe. Mashine haiwezi kujifunza lolote kwenye data ambayo saa zake zimevurugika.

Chukua R, kwa sababu moja tu: kuna kifurushi (programu ya kuongeza ndani ya R) cha bure kinachoitwa GGIR, kilichoanzishwa na Vincent van Hees, na kazi yake ni hiyohiyo inayokuhangaisha. Kinasoma faili ghafi za kifaa na kukadiria mtu alilala na kuamka lini. Excel usiilaumu. Kifaa kikirekodi mara 100 kwa sekunde, wiki mbili ni mistari zaidi ya milioni 120, na karatasi ya Excel inaishia mistari 1,048,576. Hiyo haifikishi hata saa tatu za data yako.

Kosaino iweke kando kwanza, unyooshe saa. GGIR ina mahali pa kutaja ukanda wa saa, andika Africa/Nairobi. Ukinakili kodi ya programu ya mtu aliyeandika Europe/London, wauguzi wako wote wataonekana wamelala mapema kwa muda wa saa tatu, au mbili ikiwa kule ni kiangazi, na mwishoni mwa Machi usiku mmoja utamezwa saa nzima kwa sababu Waingereza wamesogeza mishale yao.

Shajara ndiyo kazi kubwa. Usimruhusu karani aongeze sita kwa kila kitu. "Saa 4" ya aliyefanya kazi mchana ni 22:00, lakini ya aliyetoka zamu ya usiku akaenda kulala ni 10:00. "Saa 10" ndiyo balaa kabisa: inaweza kuwa kumi jioni, kumi alfajiri, au saa nne kwa mtu aliyeitazama simu akanakili. Alichoandika mshiriki kibaki kwenye safu yake bila kuguswa. Safu ya pili iwe tafsiri yako kwa mfumo wa saa 24, ya tatu zamu aliyopangiwa siku hiyo. Kisha linganisha na mwendo wa kifaa. Hakuna mtu aliyelala huku mkono wake ukitembea wodi nzima.

Wastani nao una mtego. Mmoja kalala 23:00, mwingine 01:00, SPSS inakuambia kwa wastani walilala 12:00, adhuhuri kweupe! Ukitumia hesabu yetu, saa tano na saa saba usiku, unapata saa sita, na hapo watu hushangilia. Shida imehama tu. Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri na aliyeamka saa moja asubuhi, wastani wao nao unatoka saa sita. Saa ni duara, na duara lina takwimu zake. R ina kifurushi kinachoitwa circular.

Sasa huyo mdudu. Kosaino (cosinor) ni regresheni yako ileile, ila unaingiza kosaini na saini za muda, zile cosine na sine za hisabati, mzunguko mmoja ukiwa saa 24. Inakupa usawa ambao wimbi linapanda na kushuka kuuzunguka, kimo cha wimbi, na saa ambayo kilele kinaangukia. Franz Halberg, aliyebuni jina la "sirkadia" (mdundo wa mwili wa takribani saa 24) mwaka 1959, ni mmoja wa walioieneza. Kwa mkulima wa Kinangop anayeamka saa ileile kila siku, inafaa. Kwa muuguzi aliyefanya usiku tatu, akapumzika mbili, akarudishwa mchana, unalazimisha wimbi moja lipite katikati ya ratiba mbili, na kimo lazima kitoke kidogo. Usikimbilie kuandika kwamba mdundo wa mwili wake umedhoofika. Ulichopima ni mwendo, na mwendo unamfuata metroni anayepanga zamu. Anayetaka saa ya mwili yenyewe hupima melatonini, homoni ya usiku, kwenye mate, jioni, taa zikiwa hafifu.

Ningekuwa wewe, ningechora kwanza. Kila siku mstari wake, inayofuata chini yake, uchapishe, ubandike ukutani. Zamu utaziona kwa macho kabla ya hesabu yoyote. Kisha tafuta kipimo cha ukawaida wa usingizi, SRI: kinauliza kama mtu yuko katika hali ileile, macho au usingizini, dakika hii na saa 24 baadaye. 100 ni mtu asiyebadilika hata chembe, 0 ni kama bahati nasibu. Hakijali kama analala mchana au usiku, na kwa watu wako hilo ni la maana.

Mwisho, jifunze modeli mseto, zinazojua kwamba siku nyingi ni za mtu mmoja. Wauguzi thelathini kwa siku kumi na nne si watu mia nne na ishirini. Mtahini yeyote mwenye macho ataanzia hapo.

AfisaMaadili

Nyongeza fupi. Sista, usipakie faili za washiriki kwenye tovuti za kuchambua data mtandaoni bila kusoma fomu yao ya ridhaa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Kwa mazoezi, sleepdata.org ina data za watafiti wa Marekani. Unaomba, unatia sahihi makubaliano, unapewa.

SistaRongai

Asante sana Mzee, nimesoma mara mbili. Swali moja. Kwetu, kuingia chumba cha upasuaji lazima uvue kila kitu mkononi. Wengine waliacha kifaa kwenye kabati zamu nzima. Programu itajuaje? Na wengi wetu tunalala kwenye matatu kutoka mjini hadi Rongai, tena usingizi wa kweli, siku ya foleni.

MzeeWaTakwimu

Kabati ni hatari, kwa sababu kifaa kilichotulia kinafanana na mtu aliyelala fofofo. GGIR inajaribu kutambua muda ambao hakikuvaliwa, ila usiitegemee peke yake. Kama kifaa chako kinarekodi joto, angalia: kikivuliwa kinapoa. Wewe una daftari la chumba cha upasuaji. Omba ruhusa, ulinganishe majina na saa.

Usingizi wa matatu utaupoteza. Barabara inatikisa mkono, kifaa kinasema uko macho. Uandikie aya kwenye mapungufu ya utafiti, na kama shajara ina nafasi ya kusinzia njiani, uhesabu kivyake, usiujumlishe na wa kitandani. Ukikwama kwenye kusakinisha R, weka hapa maneno mekundu yote yanayotokea, si picha ya simu iliyokatwa nusu.