Kuchua, kusugua kwa kukatiza nyuzi, kusogeza kiungo au kukwangua: mbinu gani kwa jeraha gani?

MwendoImara
Wakuu, tulinganishe tiba za mikono kwa majeraha ya tishu laini: msuli uliochanika, ligamenti (inayounganisha mfupa na mfupa) iliyoteguka, kano (inayounganisha msuli na mfupa) inayouma kwa miezi. Mbinu ninazozilinganisha ni nne: kuchua kwa viganja na mafuta, kusugua kwa kukatiza nyuzi (ya daktari Cyriax), kusogeza kiungo huku mgonjwa mwenyewe akikitumia (ya mtaalamu wa tiba ya viungo Mulligan), na kukwangua kwa kifaa cha chuma. Anayejibu ataje jeraha, siku au wiki ya ngapi, muda wa kazi, na kinachoharibika ukikosea. "Inategemea" bila maelezo haitasaidia mtu.

FundiKano
Kwanza wapo wasioguswa kabisa. Kifundo cha mguu kikiteguka, bonyeza ukingo wa nyuma wa fibula na tibia (mifupa miwili kati ya goti na kifundo), sentimita 6 za mwisho, kisha kitako cha mfupa wa tano wa wayo upande wa nje na mfupa wa navikula upande wa ndani. Mfupa wenyewe ukiuma, au mtu akishindwa kupiga hatua 4, aende eksirei kwanza. Hizo ndizo kanuni za Ottawa.

Kano ya kisigino iliyolia "pa" ghafla: mlaze kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, minya tafu. Wayo usiposogea, kano imekatika, na hapo hakuna cha kuchua. Tafu lililovimba upande mmoja, lina joto na linauma bila kisa cha kuumia, usiliguse hata kidogo. Huenda kuna donge la damu kwenye mshipa wa ndani.

La mwisho hupuuzwa sana: paja lililogongwa. Kulikanda kwa nguvu au kuliwekea joto siku za mwanzo huongeza hatari ya damu iliyovilia kugeuka mfupa ndani ya msuli. Wiki ya pili au ya tatu, goti likizidi kugoma kukunjika badala ya kulegea, acha mikono kabisa na uombe picha.

Tibamwendo
Kwa kifundo kilichoteguka upande wa nje, mimi nachagua Mulligan bila kusita, kuanzia pale mgonjwa anapoweza kusimamia mguu huo. Kinachobaki kimekaza mara nyingi ni goti kushindwa kwenda mbele ya vidole, na mbinu hii inalenga hapo hapo.

Pima kwanza. Mgonjwa asimame mbele ya ukuta, kisigino kigande sakafuni, goti liguse ukuta. Pima kwa sentimita kutoka kidole gumba hadi ukutani, kisha linganisha na mguu usioumia. Sasa zungusha mkanda kiunoni mwako na nyuma ya mguu wa mgonjwa, juu kidogo ya vifundo, na uweke taulo iliyokunjwa ili mkanda usiikate kano. Panda la kiganja chako (kati ya kidole gumba na cha shahada) lishike mfupa wa talasi, ulio chini ya tibia, kwa mbele na kuuzuia usije mbele, huku wewe ukijivuta nyuma ili mkanda ulete tibia mbele. Mgonjwa apeleke goti mbele taratibu na kurudi, mara 10, seti 3, bila maumivu kabisa. Ukisikia "inauma kidogo", badilisha pembe ya mkanda. Ikiendelea, acha.

Makosa ni mawili. Mkanda ukishuka chini ya vifundo, unavuta wayo mzima na talasi haizuiliki tena. Tao la wayo likiporomoka kwa ndani, mgonjwa anafika ukutani kwa ujanja na wewe unadhani umefanikiwa. Pima tena papo hapo. Sentimita zisipoongezeka siku hiyo, mbinu haikumfaa au umeifanya vibaya.

Mchuaji_wa_Misuli
Tibamwendo, siku 3 za mwanzo mgonjwa hasimamii mguu huo. Hapo kuchua kwepesi kunafaa: viganja vielekee juu, kutoka vidoleni hadi chini ya goti, shinikizo la kusogeza ngozi tu, dakika 5 hadi 10, mguu ukiwa juu kuliko moyo. Usipite juu ya ligamenti yenyewe. Lengo ni uvimbe upungue ili kiungo kianze kusogea.

FundiKano
Nakubali, mradi mgonjwa asiambiwe kwamba kuchua kunaunganisha ligamenti. Na mtihani wa kuvuta kisigino mbele ili kujua ligamenti imelegea kiasi gani ungoje siku ya 4 au 5. Kabla ya hapo maumivu na misuli iliyokaza vinakudanganya.

Kusugua kwa kukatiza nyuzi nakuweka kwa kano sugu, kwa mfano kiwiko upande wa nje, na kamwe si siku za mwanzo. Usipake mafuta wala losheni. Kidole na ngozi lazima visogee pamoja, la sivyo unachubua ngozi na kano haijafikiwa. Weka kidole cha kati juu ya cha shahada, sukuma kwa upana wa kano, siyo kwa urefu wake. Kano yenye ala (mfuko unaoizunguka) iwe imevutwa; tumbo la msuli liwe limelegea. Dakika 2 za kwanza zinauma, kisha panakufa ganzi, ndipo unaendelea hadi dakika 10, siku moja unafanya, inayofuata unapumzisha. Ganzi isipokuja, ama hupo mahali penyewe ama tishu bado ina moto.

Ushahidi wa mbinu hii ni mwembamba, na yale maelezo ya "kuvunja kovu" siyakubali. Nguvu ya kidole haikati kolajeni (nyuzi za protini zinazojenga kano na kovu) iliyokomaa. Unachopata ni maumivu kutulia kwa muda, na muda huo ni wa kuipa kano mzigo. Kwa kano ya kisigino inayouma katikati, mpango wa mazoezi wa mtafiti Alfredson wa 1998 uko wazi: kushusha kisigino polepole ukingoni mwa ngazi, seti 3 za mara 15 goti likiwa limenyooka, na 3 za 15 likiwa limekunjwa, mara mbili kwa siku, wiki 12. Maumivu yakiwa pale kano inaposhikana na mfupa, usishuke chini ya usawa wa sakafu, kwa sababu kano inabanwa dhidi ya mfupa.

MwendoImara
Na msuli wa nyuma ya paja uliochanika, daraja la pili (sehemu tu, si wote)? Wengi wanakimbilia kukwangua wiki ya kwanza.

Tibamwendo
Wanakosea. Kifaa kwenye nyuzi zilizochanika kinaongeza damu kuvilia, na alama nyekundu juu ya ngozi si kipimo cha kazi. Kama utakitumia baadaye, paka mafuta, ulaze kifaa pembe ya takriban nyuzi 45, dakika chache tu, na kamwe usimguse anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Kwa msuli, mazoezi ya mapema yanashinda mbinu zote nne. Kuna utafiti wa Denmark wa 2017 kwa wanamichezo walioumia paja au tafu: walioanza mazoezi siku ya 2 walirudi mchezoni karibu wiki 3 kabla ya walioanza siku ya 9. Anza na kukaza bila kusogeza: mgonjwa alale chali, kisigino kisukume kitanda kwa sekunde 10, mara 10, maumivu yasizidi 3 kati ya 10. Kisha mzigo uongezeke na msuli ufanye kazi ukiwa umerefuka. Mikono ipite upande wa juu na wa chini wa jeraha, isiguse jeraha lenyewe.

Mchuaji_wa_Misuli
Naongeza: asivutwe kwa nguvu wiki hiyo ya kwanza, hata akilalamika kwamba paja "limekaza". Msuli unajikaza kujilinda, na kuuvuta kunapanua ufa.

FundiKano
MwendoImara, kwa yote hayo tumia kanuni moja: pima kitu kimoja kabla na baada, na ukipime tena mwanzoni mwa kikao kinachofuata. Faida iliyopotea yote vikao vitatu mfululizo inamaanisha ubadilishe mbinu au uhakiki tena jeraha lenyewe. Kwa kiwiko, pima nguvu ya kushika bila maumivu. Kwa paja, pima pembe ya goti mgonjwa akiwa chali na nyonga imekunjwa nyuzi 90.