Naomba ushauri: friza ya samaki inanipikia stoo

Wakuu habarini. Nipo Ngamiani, Tanga, nauza samaki ninaowachukua Sahare. Friza yangu ipo stoo isiyo na dirisha; mchana humo hakukaliki, kompresa hainyamazi na uniti za LUKU zinakwisha mbiombio.

Jirani anasema niache mlango wa friza wazi ili chumba kipoe. Nimemkatalia. Kanuni ya kwanza ya themodinamiki (elimu ya joto na nishati) inasema nishati haipotei: joto linalotoka kwa samaki, pamoja na umeme wote unaoliwa na kompresa, vyote vinatokea nje kama joto, kwenye zile bomba nyembamba nyeusi za nyuma na kwenye kompresa yenyewe. Ukiuacha wazi, chumba kinazidi kuwa moto tu. Na kwa kanuni ya pili, joto haliendi lenyewe kutoka kwenye baridi kwenda kwenye moto, ni lazima lisukumwe. Stoo ikiwa moto zaidi, umeme unaliwa zaidi.

Sasa nitoboe ukuta niweke feni ya kutoa hewa, au friza niihamishie barazani uani? Uani kuna upepo, ila chumvi ya bahari inakula chuma (geti langu ni shahidi). Na nyuma niache nafasi kiasi gani? Kwa sasa imegusana na ukuta kabisa. Mafundi friji na walimu wa fizikia, nisaidieni.