Naombeni ushauri: napenda riwaya za upelelezi tulivu na za mapenzi mepesi, naambiwa napoteza muda

ZamuYaUsiku:
Habari zenu wakuu. Mimi ni muuguzi, niko Tanga, wodi ya dharura. Damu naiona kazini ya kutosha. Nikitoka zamu asubuhi, nikishaoga na kunywa chai, nataka kitabu ambacho mtu amekufa mapema bila mimi kuonyeshwa jeraha lake, halafu mtu mmoja mwerevu anakaa na majirani, anauliza hiki na kile, mpaka ukweli unatoka. Au kitabu cha mapenzi ambacho tangu mwanzo najua hawa wawili wataoana, ila sijui watapatanaje. Navisoma tangu sekondari na hakuna kinachonipumzisha kuliko hivyo.

Tuna kikundi cha kusoma, tunakutana kila mwezi. Nikitaja kitabu changu, mwenzetu mmoja aliyesomea fasihi husema hivyo ni vya kulevya akili, vyote vinafanana, havimfundishi mtu kitu. Wengine wanacheka. Mkutano uliopita nilinyamaza mwanzo mwisho, na kitabu kilikuwa mkobani, nimekivisha jalada la gazeti. Imeniuma kwa sababu watu wale nawapenda.

Naomba mnisaidie. Nijilazimishe kusoma vizito? Za Kiswahili za aina hii zipo? Na binti yangu wa kidato cha pili ameanza kuchukua vya mapenzi kabatini kwangu, nimwachie?

MjukuuWaMakunduchi:
Pole na zamu dada. Za Kiswahili zipo, tena za zamani na nzuri mno. Mtafute mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Anza na *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyoshinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58 na kuchapishwa 1960. Zikafuata *Kisima cha Giningi*, *Duniani Kuna Watu*, *Siri ya Sifuri* na nyinginezo. Mauti yamo, hilo nakwambia mapema, lakini mwandishi hakuwekei karamu ya damu. Bwana Msa ana kiko chake na rafiki yake Najum, na kazi yake kubwa ni kusikiliza watu na kupima maneno yao. Mara nyingi siri iko ndani ya ukoo: nani mtoto wa nani, nani alimficha nani.

Utapenda kujua kwamba Abdulla mwenyewe alifanya kazi idara ya afya Zanzibar, akikagua usafi, kabla ya kuingia kwenye magazeti 1948. Mtu aliyezoea kuingia majumbani mwa watu na kuangalia. Na Kiswahili chake, dada! Soma mazungumzo kwa sauti, utasikia Unguja.

Tarbia:
Nataka kulijibu hilo la "vyote vinafanana" kwa sababu nalisikia kila siku na linanikera. Utenzi una mizani minane kila kipande, vipande vinne kila ubeti, na kina cha mwisho ni kile kile toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Nani amewahi kusema tenzi zote zinafanana? Umbo likishajulikana, msomaji anakaa tayari kuona fundi atafanya nini ndani yake. Riwaya ya fumbo ni hivyo hivyo. Kijiji kidogo, watu wachache wanaojuana, kifo kimoja, na kila ushahidi uwekwe mezani msomaji auone. Waandishi wa Uingereza walioanzisha Detection Club, chama cha waandishi wa riwaya za upelelezi, mwaka 1930 walikuwa wanaapishwa kabisa: mpelelezi asiokolewe na bahati, na msomaji asifichwe dalili muhimu. Hiyo ni heshima kwa msomaji, na si kila riwaya nzito inayo.

Wewe muuguzi, msome Agatha Christie kwa jicho la kazi yako. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia alihudumu hospitali ya Torquay, kwanza kama muuguzi wa kujitolea kisha kwenye chumba cha dawa, na ndiyo maana sumu zimejaa kwenye vitabu vyake na zinafanya kazi kama zinavyofanya kweli. *The Mysterious Affair at Styles*, kitabu chake cha kwanza, mwuaji anategemea jinsi dawa mbili zinavyoathiriana ndani ya chupa. Utakigundua kabla ya sisi wengine. Baada ya hapo nenda kwa Miss Marple, bibi wa kijijini anayefumbua mauaji kwa sababu kila mtu anamkumbusha jirani fulani aliyewahi kufanya kitu kama hicho.

KalamuNyekundu:
Nafundisha Kiswahili, na sikubaliani na wote hapo juu kwa asilimia mia. Mwenzako amekosea kukucheka, ila ana hoja ndogo kwenye vya mapenzi. Vipo ambavyo mwanamume anamfokea msichana, anamvuta mkono, anamfuata mpaka nyumbani, na mwandishi anaita penzi. Hivyo viweke pembeni, si kwa sababu ni vyepesi, bali kwa sababu vinasema uongo.

Usijilazimishe kusoma kitu kwa aibu. Ukiwa na likizo, jaribu *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi. Yasmin ameozwa mwanamume mkubwa kwake mno, anatoroka, anakutana na Denge, na Zanzibar ya ukoloni iko pembeni yao kila ukurasa. Utaingia kwa mapenzi na utajikuta kwenye siasa bila kuburutwa. Ukichoka, kifunge.

MamaWatatu:
Kuhusu binti. Usimfungie kabati, atasoma kwa rafiki na hutajua amesoma nini. Mimi niligawa rafu, ya juu yangu, ya chini yetu sote. Vile vya mapenzi vya Kiingereza vya Mills & Boon na Harlequin hutoka kwa mifululizo, na kila mfululizo una kiwango chake. Vingine vinaishia kwenye busu, vingine vinaingia chumbani na kuwasha taa. Angalia jina la mfululizo kwenye jalada, soma kurasa za katikati, ndipo ukiweke chini. Halafu zungumzeni. Wangu nilimuuliza, "Huyu kijana angekufanyia wewe hivi ungekubali?" Alifikiri kidogo akasema, "Mama, ningemwambia kaka." Tangu siku hiyo ananiletea vitabu mwenyewe tuvijadili.

Kigoma_Msomaji:
Nyongeza tu. Watu watakutajia Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Wazuri sana, nimekua nao, ila huko ni risasi na mbio. Si vya baada ya zamu yako. Kwa Kiingereza, mtafute Mma Ramotswe wa Gaborone, kwenye *The No. 1 Ladies' Detective Agency* ya Alexander McCall Smith (1998). Aliuza ng'ombe alioachiwa na baba yake akafungua ofisi ya upelelezi, anakunywa chai ya rooibos na kutatua mambo ya watu: waume waliopotea, matapeli, mabinti wenye siri. Mwandishi ni mzungu mzaliwa wa Bulawayo, na wapo wanaoona Botswana yake ni tamu kupita kiasi. Mimi nilikisoma nikiwa mgonjwa, na ninakipenda.

ZamuYaUsiku:
Asanteni sana jamani, nimesoma kila jibu mara mbili. Tarbia, hoja ya utenzi naibeba hivyo hivyo kikundini, kwa ruhusa yako. Na nimeamua mwezi ujao zamu yangu ya kuchagua kitabu nitachagua *Mzimu wa Watu wa Kale*, tusome wote, na yule mwenzetu nitamwomba ajaribu kumtaja mwuaji kabla ya Bwana Msa. Rafu naanza kuzigawa leo. Mwalimu, *Vuta n'kuvute* nimeiweka kwa ajili ya likizo.

Nakala ya Bwana Msa nimepata moja tu, ya kuazima, kurasa zimeanza kuachia. Aliye Tanga au Muheza mwenye nyingine, au anayejua duka la Dar linalouza na kutuma kwa basi, aniambie hapa hapa. Tunahitaji angalau tatu.

MjukuuWaMakunduchi:
Jaribu duka la vitabu la TPH pale Samora, Dar, kwanza, kisha wale wauza vitabu vya mitumba wa mjini. Mimi ninayo moja ya ziada nyumbani. Niandikie pembeni, Jumamosi naipakia basi la asubuhi.