Ngitili ya kijiji: tupande miche au tufunge eneo?

Mkulima wa Kishapu
Ndugu wanajukwaa, kijiji chetu kinakusudia kurudisha ngitili, yaani eneo la malisho na miti linalofungwa kwa muda ili mifugo isiingie, kwenye kilima kilichobaki visiki na vichaka. Vijana wanataka tupande miche, wazee wanasema tufunge eneo tu. Kwa kuwa mvua siku hizi huchelewa na kukatika mapema, ni njia ipi itakayotupatia miti inayostahimili ukame?

Bwana Miti mstaafu
Wazee wako sahihi. Mche wa kitaluni una mizizi mifupi, na mvua ikikatika unakauka, ilhali kisiki cha mgunga kina mizizi iliyokwisha kushuka chini sana. Kwenye kila kisiki chagueni machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, ondoeni mengine, pogoeni matawi ya chini na mzuie mifugo. Mkoa wa Shinyanga uliwahi kufyekwa misitu ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, kisha kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970 kukawatenganisha wengi na ngitili zao. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 ulifanikiwa pale ulipoacha kuhubiri upandaji miti na kuanza kuwauliza Wasukuma walikuwa wakihifadhije malisho.

Mama Ng'washi
Nakubali kuhusu visiki, ila ugumu upo kwenye kufunga. Desturi ni kufunga mvua zinapoanza na kufungua kiangazi kikishakolea, mnamo Julai au Agosti, sehemu baada ya sehemu. Mvua zikiwa hazitabiriki, dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, ikague nyasi zenyewe badala ya kushikilia tarehe. Tena kaya isiyo na ng'ombe itapata nini? Mkiwakataza wanawake kuokota kuni kavu, kuchuma uyoga na kuchimba dawa, msitegemee wawasaidie kulinda.

Mkulima wa Kishapu
Ahsante, mama. Je, dagashida ikitoza faini, mchoma mkaa kutoka nje ya kijiji atatii?

Bwana Miti mstaafu
Hatatii, ndiyo maana maamuzi ya dagashida yaingizwe kwenye sheria ndogo za kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga na kusimamia msitu wake. Kabla ya kuweka mipaka, acheni njia ya ng'ombe kwenda lamboni, kwa sababu mkiiziba, wafugaji watapita katikati ya machipukizi usiku.