Jengo la maduka limefungwa, kodi ya majengo imepaa: nianzie wapi?

MkaziWaKusini: Wakuu, salaam. Niko vitongoji vya kusini mwa Chicago, Kaunti ya Cook, kwenye nyumba yangu mwenyewe. Thamani niliyokadiriwa haijabadilika sana, lakini bili ya awamu ya pili imeruka. Diwani anasema ni kwa sababu jengo la maduka limebaki gofu. Ni kweli, au ananizungusha? Na rufaa inasaidia?

Mpiga_Hesabu: Ni kweli, ila kakupa nusu ya habari. Illinois hakuna asilimia maalumu ya kodi iliyopangwa. Shule, mji, maktaba, zimamoto, kila mmoja anaandika kiasi cha dola anachotaka, kisha karani wa kaunti anakigawa kwa thamani yote iliyomo ndani ya mipaka yake.

Mfano wa kuelewesha tu: wanataka milioni 10, thamani yote ni milioni 100, kiwango ni 10%. Jengo la maduka lilikuwa milioni 20 likashuka hadi 5. Zimebaki 85, kiwango kinakuwa 11.76%. Nyumba yenye thamani ya kutozwa ya 56,000 inatoka dola 5,600 hadi 6,588 bila mtu kuigusa. Cook inauma zaidi kwa sababu biashara hukadiriwa kwa 25% ya bei ya soko na nyumba kwa 10%, kwa hiyo dola moja ya duka ikipotea, pengo lake ni mara mbili na nusu ya dola ya nyumba.

Ongeza kodi ya mauzo. Katika ile 6.25% ya jimbo, asilimia moja hurudi kwenye mji bidhaa ilikouzwa. Mji wa Matteson, huko huko kusini, walipofungiwa jengo lao la maduka la Lincoln Mall mwaka 2015 walipigwa pande zote mbili.

Kuruka kwa awamu ya pili ni kawaida. Awamu ya kwanza ni 55% ya bili nzima ya mwaka uliopita, kwa hiyo ongezeko lote huangukia ya pili.

Kitasa: Kuhusu rufaa: bili iliyo mkononi huirudishi nyuma. Kodi hulipwa mwaka mmoja nyuma, na rufaa ya sasa itaonekana kwenye bili zijazo. Wengi hukosea hapo, halafu huandika "kodi ni kubwa mno". Hiyo si hoja, watakutupa. Unapinga thamani, si kodi.

Anza na ukurasa wa nyumba yako kwa mthamini wa kaunti. Kagua futi za mraba, idadi ya bafu, kama wameandika chumba cha chini kimemaliziwa ilhali ni zege tupu. Kosa la namna hiyo peke yake linatosha. Kisha tafuta nyumba tatu hadi tano zenye namba ya daraja (aina ya nyumba) ileile na namba ya eneo ileile kwenye kumbukumbu za mthamini, umri unaokaribiana, ulinganishe thamani ya jengo kwa futi ya mraba. Usichukue nyumba ya ghorofa ukalinganisha na ya chini. Kama umenunua karibuni kwa bei ya chini ya makadirio, weka hati za mauzo.

Dirisha kwa mthamini ni siku 30 hivi tangu notisi. Ukikosa au ukishindwa, nenda Board of Review, bodi ya kaunti inayosikiliza rufaa za makadirio, nao hufungua kwa kila township (tarafa ya kaunti) kwa zamu. Ni bure, na kwa nyumba ya kuishi huhitaji wakili.

DadaMakadirio: Kabla ya hayo yote, angalia kama msamaha wa mwenye nyumba umo kwenye bili. Unaondoa 10,000 kwenye thamani ya kutozwa. Kwa kiwango cha mfano wa hapo juu ni dola 1,176. Ukiwa haumo, omba hati ya kosa (certificate of error) ya kurekebisha bili, unaweza kudai hadi miaka mitatu ya nyuma. Mzazi wa miaka 65 akiwa mmiliki na anaishi hapo, kuna mwingine wa 8,000.

MzeeWaVikao: Rufaa inakupunguzia wewe na kumwongezea jirani. Chungu kinapikwa Desemba, kwa sababu maombi ya makusanyo, yaani kile kiasi cha dola ambacho shule na miji wanataka, lazima yafike kwa karani kufikia Jumanne ya mwisho ya mwezi huo. Wakipita 105% ya mwaka uliopita wanalazimika kutangaza na kuitisha kikao cha wananchi, ndiyo maana utakutana na ombi la nyongeza ya 4.99%. Waulize shule kwanza, wao ndio hubeba fungu kubwa.

MkaziWaKusini: Asante sana wakuu. Baraza linataka kumpa mwekezaji Class 8, lile daraja la makadirio nafuu kwa biashara, kwenye kiwanja cha jengo lile la maduka. Nipinge?

Mpiga_Hesabu: Mimi nisingepinga. Class 8 ni 10% kwa miaka kumi, 15% wa kumi na moja, 20% wa kumi na mbili, badala ya 25%. Kiwanja kitupu nacho hukadiriwa 10%, lakini 10% ya vichaka.

MzeeWaVikao: Sawa, ila uliza kama kiwanja kimo ndani ya TIF, eneo maalumu ambalo ongezeko la kodi hutengwa kwa ajili ya kuliendeleza. Humo thamani ya msingi hugandishwa hadi miaka 23, na ongezeko lote huenda kwenye mfuko wa TIF. Duka jipya litasimama, na kiwango chako hakitashuka hata senti. Omba ramani ya TIF kwa karani wa mji kabla ya kura, si baada.