Mwanangu anageuza alama pasipotakiwa, panapotakiwa haigeuzi. Wataalamu wa hesabu nisaidieni

Mama Dagaa
Habari za jioni wakuu. Niko Kigoma, nauza dagaa Kibirizi, hesabu zangu ni za gunia na chenji tu. Kijana wangu wa kidato cha kwanza kaleta karatasi ya jaribio, kapata 4 kwa 20. Ni zile za kubwa kuliko na ndogo kuliko, wenyewe wanaziita inikwaliti.

Swali: 3x > −12. Kaandika x < −4. Kosa. Namuuliza mbona umegeuza alama, ananijibu, "Mama, tuliambiwa ukiona hasi geuza." Linalofuata: 7 − 2x > 15. Kafika −2x > 8, safari hii kaogopa, kaandika x > −4. Kosa tena! Sasa ni lini inageuzwa na lini haigeuzwi, au ni bahati nasibu? Na yale maduara kwenye mstari wa namba, moja limejazwa wino jingine tupu, ni ya nini? Tuisheni siiwezi mpaka mbalamwezi iishe, wavuvi wote wako nchi kavu.

Mzee wa Chaki
Pole mama. Kijana kakariri kanuni iliyokatwa mkia. Hasi ya kuangalia ni ya ile namba *unayogawanyia au kuzidishia* pande zote mbili. Kwenye 3x > −12 unagawanya kwa 3. Ile −12 imekaa tu, haihusiki. Jibu x > −4. Kwenye −2x > 8 unagawanya kwa −2, hapo ndipo unageuza: x < −4. Kujumlisha na kutoa hakugeuzi kitu.

Kwa nini? Una 2,000 mkononi, jirani ana 5,000: kakuzidi. Sasa yawe madeni. Wewe unadaiwa 2,000, yeye 5,000. Nani ana nafuu? 2 < 5, lakini −2 > −5. Akishapata jibu, achukue namba yoyote upande aliouchora airudishe kwenye swali la mwanzo. Jibu la uongo halifiki mbali.

Kijana wa Mwanga
Mie sigeuzi alama kabisa. Hamisha x iende itakakokuwa chanya: 7 − 15 > 2x, −8 > 2x, −4 > x. Kwisha kazi.

Mzee wa Chaki
Safi, ila hapo ndipo nawanasa wengi. Akiona −4 > x anachora mshale kwenda kulia, eti alama imechongoka huko. Asome akianzia kwa x: x ni ndogo kuliko −4. Mshale kushoto.

Asali ya Tabora
Poleni watu wa mwisho wa reli. Wa kulaumiwa ni Mwingereza Thomas Harriot, alama zake zilichapwa 1631, yeye keshakufa miaka kumi nyuma. Katuachia msala.

Duara tupu: namba hiyo yenyewe haimo (> au <). Lililojazwa: imo (≥ au ≤). Tena angalia swali linahesabu nini. Mtumbwi usizidishe kilo 600, nahodha ana kilo 80, kila gunia kilo 50. 50x + 80 ≤ 600, x ≤ 10.4. Hapo usichore mstari mzima, maana hakuna gunia nukta nne. Weka vidoto kuanzia 0 mpaka 10, basi.

Kijana wa Mwanga
Nahodha gani huyo wa gunia 10? 😂 Wangu anapakia 14 na kuku juu.

Mama Dagaa
Ahsanteni sana, la madeni kalielewa haraka kuliko mimi. Jana usiku karudia lile la pili, kapata x < −4, kachora mshale kushoto, duara kalijaza wino. Nikamwambia jaribisha namba. Akaweka −5, ikaja 17 > 15, kweli. Akaweka 0, ikaja 7 > 15, uongo. Halafu mwenyewe, bila kuambiwa, akaweka −4. Ikatoka 15 > 15. Kaiangalia weee, kisha kalamba kidole akaanza kufuta wino ndani ya duara.