Tupeane uzoefu: king'amuzi kinawaka, dishi ni zima, lakini picha inagoma

Ndugu zangu, salaam. Nimeona ni vyema tukusanye mahali pamoja yale ambayo kila mmoja wetu ameyapitia pale picha ya king'amuzi cha setilaiti inapokataa kupatana na televisheni: skrini inayobaki nyeusi baada ya kugusa mipangilio, picha iliyokatwa pembeni, watu waliobanwa wakawa wafupi na wanene, au chaneli ambayo wakati wote inaonekana kana kwamba imetandwa na ukungu. Ninaomba anayechangia aeleze alichokiona kwenye skrini, alichojaribu kikashindikana na kilichomaliza tatizo, kwa sababu dalili zinazofanana huwa na vyanzo tofauti kabisa.

Nianze na langu. Siku moja niliingia kwenye menyu ya king'amuzi nikabadilisha rezolusheni, yaani idadi ya mistari inayounda picha, kutoka 720p kwenda 1080p, nikiamini kwamba namba kubwa lazima ilete picha nzuri zaidi. Papo hapo skrini ikawa nyeusi, kisha yakatokea maandishi madogo katikati yakisema kwamba mfumo huo haukubaliki. Televisheni yangu ni ya zamani, kioo chake kina pikseli (nukta za picha) 1366 kwa 768, na kupitia HDMI, ile kebo moja ya kidijitali inayobeba picha na sauti pamoja, inapokea 720p na 1080i tu. Menyu niliyoihitaji ili nirudi nilikotoka ikawa imo ndani ya picha ambayo siioni tena. Nilizima umeme nikawasha, nikarudia mara nne, bila mafanikio, kwa kuwa king'amuzi kinahifadhi mpangilio wa mwisho hata kikichomolewa.

Kilichoniokoa ni kebo za AV zilizokuwa zimelala kwenye boksi. Nilizichomeka, njano kwenye njano, nyekundu kwenye nyekundu, nyeupe kwenye nyeupe, nikabadilisha chanzo cha televisheni kiwe AV, na picha ikatokea ikiwa hafifu lakini menyu inasomeka. Nikarudisha 720p, nikahamia tena HDMI, mambo yakatulia.

Fundi wa Madishi

Mkuu, umefanya vizuri kuanzisha jambo hili. Kebo za AV ni njia nzuri, ila kwa asiyekuwa nazo kuna nyingine: rimoti za baadhi ya ving'amuzi zina kitufe cha kubadilisha rezolusheni moja kwa moja, ambacho huenda kimeandikwa V-Format. Ukikibonyeza, king'amuzi huhamia kwenye rezolusheni inayofuata hata kama huoni kitu. Siri yake ni subira. Bonyeza mara moja, hesabu hadi 10, kisha ndipo ubonyeze tena, kwa sababu kila mabadiliko yanapotokea televisheni na king'amuzi huanza upya kuulizana kupitia HDMI nani anaweza kupokea nini, na mazungumzo hayo huchukua sekunde kadhaa. Wengi hubonyeza haraka haraka, wakaipita rezolusheni sahihi bila kuipa nafasi ya kuonekana.

Jambo ninalotamani kila mwenye dishi alijue, hata akisahau mengine yote, ni kipimo cha menyu. Picha ikiwa mbovu, fungua menyu ya king'amuzi juu yake uyatazame maandishi. Maandishi ya menyu hayatoki angani, yanatengenezwa na king'amuzi chenyewe. Kwa hiyo menyu ikiwa safi huku picha iliyo nyuma yake ni mbovu, king'amuzi, kebo na televisheni vinaelewana, na mara nyingi kasoro iko kwenye kinachoingia: ama dishi limesogea, ama mvua ni kubwa, ama chaneli yenyewe inarushwa kwa ubora mdogo. Menyu nayo ikiwa imefifia, imekatwa au haionekani kabisa, usiguse dishi. Tatizo liko ndani ya nyumba.

Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu niliwahi kuitwa kwa mteja aliyepanda juu ya paa na kulizungusha dishi kwa sababu picha ilikuwa na ukungu, akapoteza chaneli zote. Nilitumia nusu siku kulirudisha. Nilipomaliza, ukungu ulikuwa palepale. Nikafungua menyu, na herufi zake zilikuwa zimevimba kingoni kama wino uliomwagikiwa maji. Nikachungulia nyuma ya televisheni: alikuwa amenunua televisheni ya HD na king'amuzi cha HD, lakini amekiunganisha kwa ile kebo ya njano iliyobaki kutoka televisheni ya zamani, ambayo haibebi zaidi ya mistari 576. Kebo ya HDMI ilikuwa bado kwenye mfuko wake wa plastiki.

Mama Wawili

Asante sana, fundi. Kwangu picha ilikuwa safi, ila ilikatwa. Maandishi ya habari yanayopita chini ya skrini yalionekana nusu ya juu tu, na kwenye mpira sikuweza kuyasoma matokeo yaliyo kwenye kona. Nilihangaika na king'amuzi, nikajaribu umbo la picha pana la 16:9, nikajaribu 4:3, na hiyo ya pili iliniletea mistari myeusi kulia na kushoto huku maandishi yakiendelea kukatwa. Mwishowe nikagundua kwamba king'amuzi hakikuwa na kosa: televisheni yenyewe ilikuwa inaikuza picha kidogo na kuzificha kingo zake, desturi iliyorithiwa kutoka televisheni za zamani za kioo kinene ambazo kingo zake hazikuaminika. Nilikwenda kwenye menyu ya televisheni, sehemu ya ukubwa wa picha, nikachagua ile inayoonyesha picha nzima bila kukuza, na kona zote nne zikarudi. Jina la chaguo hilo hutofautiana, na katika televisheni yangu halikuonekana mpaka niwe nimehamia kwenye HDMI kwanza.

Msomaji Mtulivu

Ningependa kuongeza neno kuhusu ukungu, kwa sababu wengi wanavilaumu vifaa visivyo na hatia. Chaneli ya kawaida isiyo ya HD hurushwa ikiwa na pikseli 720 kwa 576, na mara nyingine pungufu ya hapo. Hizo ni pikseli 414,720. Televisheni ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, ambazo ni mara tano kamili. Maana yake ni kwamba kati ya kila pikseli tano unazoziona, nne zimekisiwa na kifaa, hakuna kamera iliyozipiga. Ukiweka 1080p kwenye king'amuzi hubadilishi kilichorushwa, unaamua tu kwamba kazi ya kukisia ifanywe na king'amuzi badala ya televisheni.

Hapo ndipo nilipopata faida. Baadhi ya ving'amuzi vina chaguo la kuiacha picha itoke jinsi ilivyoingia, na televisheni yangu inakuza vizuri kuliko king'amuzi changu, hivyo nimelichagua hilo. Gharama yake ni skrini kuwa nyeusi kwa muda mfupi kila ninapohama kutoka chaneli ya kawaida kwenda ya HD, na mimi naivumilia.

Nina kisa kingine kuhusu ile herufi i ya 1080i. Tofauti na 1080p, katika 1080i mistari haiji yote kwa pamoja: hutangulia mistari 540 ya witiri, ikafuata 540 ya shufwa, zikipokezana. Picha iliyotulia huwa safi kabisa, lakini kwenye mpira nilikuwa nikiona meno kama ya chanuo kwenye miguu ya wachezaji wanaokimbia. Televisheni yangu ya wakati huo ilikuwa dhaifu katika kuiunganisha mistari hiyo. Nilipoweka 720p, king'amuzi kikawa ndicho kinachounganisha, na meno yakatoweka.

Binti Mdadisi

Mimi nilibadilisha rezolusheni wiki nzima bila sababu. Chaneli kadhaa zilikuwa na sauti safi na skrini nyeusi, nyingine zote zikiwa salama, na hakukuwa na ujumbe wowote wa malipo. Menyu ilionekana vizuri. Kumbe king'amuzi changu kilikuwa cha zamani kinachoelewa mfumo wa zamani wa kubana picha uitwao MPEG-2 pekee, na chaneli hizo zilikuwa zimehamia mfumo mpya zaidi, H.264; sauti iliendelea kwa sababu mfumo wake haukubadilishwa. Hakuna mpangilio unaotibu hilo. Nilibadilisha king'amuzi, dishi nikaliacha lilelile.

Mpangaji

Nami niulize nikieleza. King'amuzi kiko chumba kimoja, televisheni kingine, na HDMI ya mita 15 katikati. Katika 720p picha imetulia, lakini nikiweka 1080p vinatokea vitone vyeupe vinavyometameta, na kila baada ya dakika chache skrini inazimika kisha inarudi. Televisheni ni ya 1080p kamili, nimethibitisha, na nikichomeka kebo fupi hali hiyo haipo.

Fundi wa Madishi

Ndugu yangu, umeshajijibu kwa ile kebo fupi. 1080p hubeba data mara mbili na zaidi ya 720p kwa kasi ileile ya fremu, na kebo ndefu ya kawaida huanza kuidondosha njiani. Hivyo vitone ni alama ya data iliyodondoka. Kisogeze king'amuzi karibu na televisheni, kisha urefushe kebo ya kutoka kwenye dishi, kwa maana hiyo imetengenezwa kwenda makumi ya mita bila shida ikiwa nzuri na viungo vyake vimekazwa. Na kama una kigawanyo cha HDMI kinacholisha televisheni mbili, kumbuka kwamba mara nyingi zote mbili hupewa rezolusheni inayokubaliwa na ile iliyo dhaifu.

Kwa wenye televisheni za 4K (rezolusheni ya 2160p), angalieni tundu. Si kila tundu la HDMI la televisheni hupokea 2160p kwa fremu 50 au 60 kwa sekunde, na hata linaloweza huenda likahitaji kuruhusiwa kwanza katika menyu ya televisheni.

Mwanzisha mada

Nimerudi. Leo nimekifanya kipimo cha menyu kwenye ile chaneli yenye ukungu inayonisumbua siku zote, na herufi zimesimama kali juu ya picha iliyofifia, kwa hiyo chaneli ndiyo ilivyo na ngazi nimeirudisha stoo. Kisha nimehesabu V-Format nikiwa bado ninaona: kutoka 1080p mpaka 720p kwenye king'amuzi changu ni kubonyeza mara tatu, nikisubiri hadi 10 kila mara. Nimeyaandika hayo kwenye karatasi na kuibandika chini ya king'amuzi.